Kiti Kisichoinukiwa: Wazimu na Unabii katika Kinjeketile, Ukitazamwa kutoka Pwani ya Rongui

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), kwa kawaida husomwa kama tamthilia ya ukombozi. Makala haya yanaihakiki kwa swali jingine: jamii humpa nafasi gani mtu anayesema kwa sauti isiyo yake?

Katika utamaduni wa pepo wa pwani inayoanzia Lamu hadi visiwa vya kaskazini mwa Cabo Delgado, kama Rongui, ambako Kimwani na Kiswahili hukutana, mtu wa namna hiyo hahukumiwi mara moja kuwa mwendawazimu. Mganga humwita pepo, humuuliza jina na haja yake, kisha humpa ngoma na ubani. Aliyepagawa huitwa kiti. Istilahi hiyo ina uzito, kwa kuwa kiti hukaliwa na kuinukiwa. Ngoma ikiisha, mtu hurudia umama wake, uvuvi wake au ujirani wake.

Kinjeketile naye anazama mtoni, anaibuka, na Hongo anasema kupitia kwake. Watu wanampokea kwa heshima. Hata hivyo, hakuna anayemsaili Hongo. Sauti inapotamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, wasikilizaji wanaipokea kama ahadi; Kinjeketile, akizinduka na kuelezwa, anatambua kuwa ni kubadilishiwa bwana. Shaka yake ni ombi la mtu anayetaka kurudi kuwa mtu. Ombi hilo halisikiki, kwa sababu vita vinaihitaji sauti kuliko mwenye mwili.

Yawezekana kupinga kwamba usomaji huu unaifanya siasa kuwa ugonjwa. Lakini Hussein mwenyewe alimtenga mhusika wake na Kinjeketile wa historia, na alichomwongezea ni fadhaa hiyo ya ndani.

Wajerumani nao walikuwa na nafasi zao mbili: hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, Usambara, iliyoanzishwa na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20, na kitanzi cha Mohoro, alikonyongwa Kinjeketile Ngwale mwezi Agosti 1905.

Uhakiki unaosifu pwani kwa kumstahi aliyepagawa una haki, ila haujakamilika. Tamthilia hii inadai kipimo cha pili: baada ya kupokewa, je, mtu huyo anaruhusiwa kunyamaza? Kinjeketile hakuruhusiwa, wala na wafuasi wake, wala na maadui zake.