Ngao ya Plastiki: Itazame Upande wa Juu

Lami imefika Matema, wilayani Kyela kwenye Ziwa Nyasa, hivyo tumbo la gari halipati tena kipigo kati ya Kikusya na Ipinda. Kipigo kimehamia pembeni: kwenye vijia vya mashamba ya mpunga na kakao, kwenye kingo za Mbaka na Lufilyo, na kwenye mawe yanayoshushwa na vijito vya Milima ya Livingstone. Huko ndiko ngao ya chini ya pikipiki ya matairi manne, au ya gari lolote la njia mbovu, inakojaribiwa.

Ngao inayotoka kiwandani mara nyingi ni polipropilini nyembamba ya milimita chache. Inazuia tope na kokoto, basi. Wenye kazi nzito huing'oa na kufunga bamba la poliethilini ya molekuli ndefu mno, unene wa milimita 6 hadi 12. Ni plastiki ileile inayotandikwa ndani ya bodi za tipa ili mzigo uteleze vizuri unapomwagwa.

Wauzaji huisifu kwa wepesi, na hapo ndipo ninapowatilia shaka. Kweli, lita moja ya poliethilini haifiki kilo moja, ya aluminiamu ina kilo 2.7 na ya chuma karibu 7.8. Lakini hakuna anayezifunga kwa unene mmoja. Plastiki ya milimita 12 ina uzito karibu sawa na aluminiamu ya milimita 4. Sifa yake halisi ni kuteleza na kurudi. Aluminiamu ikipanda jiwe hukwaruzika na kuling'ang'ania. Plastiki hupita juu yake, hupinda, kisha hunyooka. Kwa mchanga wa ufukwe wa Matema ni imara ajabu, kwani mchanga wenye maji huisaga polepole kuliko unavyosaga chuma. Jiwe lenye makali ndilo huichonga.

Tatizo ni kwamba kurudi huko huficha ushahidi. Aluminiamu iliyobonyea hubaki imebonyea, na fundi akichungulia anajua jiwe liligonga wapi. Plastiki, ambayo kwa unene uleule ugumu wake wa kupinda haufiki hata sehemu moja ya hamsini ya ule wa aluminiamu, inaweza kubonyea hadi ikagusa sampu ya oili, kisha ikanyooka kama vile hakuna kilichotokea. Ndiyo maana haipaswi kuachwa ining'inie kwenye nafasi pana. Inataka fremu ya kuiegemea.

Jambo la pili ni joto, na hapa mafundi wengi huharibu kazi nzuri. Bamba la urefu wa mita 1.2 likipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa karibu milimita 6, ilhali fremu ya chuma haifikishi hata nusu milimita. Ukitoboa matundu ya duara yanayobana bolti na kukaza kwa nguvu zako zote, bamba litafanya mawimbi au kupasuka kwenye tundu. Tundu liwe refu kidogo, washa iwe pana, na bolti ikazwe kiasi cha kuruhusu bamba kusogea. Ngao nyingi zinazosemwa "zimepasuka kwa mawe" zilianza kupasuka siku ya kufungwa.

Malalamiko ya Wakanada kwamba plastiki huvunjika kwa baridi hayatuhusu sana. Ziwa liko kwenye kimo kisichofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, na polipropilini huanza kuwa tete kwenye baridi ya kugandisha maji. Ila gari hilohilo likipanda uwanda wa Kitulo alfajiri ya Julai, penye sakitu, maneno ya Wakanada yanaanza kuwa na maana. Jua nalo si tishio kubwa kwa kitu kinachokaa kivulini chini ya gari.

Tishio la Kyela ni tope. Mvua hapa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na tope la majaruba hupenya kila upenyo, likatulia juu ya ngao. Plastiki haiozi, lakini fremu iliyolala kwenye tope bichi wiki nzima hushika kutu pasipoonekana. Baada ya mavuno huingia mabua makavu, na yakikaa karibu na ekzosi yanaweza kushika moto. Plastiki yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 130 na ushee. Matundu ya kutolea maji yakiwa madogo huziba, yakiwa makubwa huingiza tope zaidi. Mimi ningechagua ngao yenye bolti chache zinazofunguka upesi, hata kama imepoteza ugumu kidogo, kwa sababu ngao yenye bolti ishirini haifunguliwi na mtu.

Ukiifungua, ioshe, kisha uigeuze. Alama za chini ni za kawaida. Tafuta sehemu iliyong'aa kwa kusuguliwa upande wa juu, usawa wa sampu au difu: hapo ndipo bamba limekuwa likibonyea, na hapo ndipo pa kuongeza mhimili wa fremu kabla ya kununua bamba jingine.