Kuinua tumbo bila gesi: teknolojia ipi ya upasuaji itangulie kufika Kilosa?

Mkulima wa Magomeni, mjini Kilosa, akishikwa na kidole tumbo usiku, hana haja na jina la roboti yoyote. Anataka kujua atapasuliwa wapi, kidonda kitapona lini, na shambani atarudi lini. Wapasuaji wamehangaika na maswali hayohayo kwa zaidi ya miaka mia moja, wakitafuta njia ya kufanya kazi ndani ya tumbo bila kulifungua lote. Makala hii inachambua jinsi njia hiyo ilivyopatikana, roboti ilipoingia, na kwa nini utafiti unaoifaa zaidi hospitali ya wilaya ni ule usiohitaji roboti.

Njia ilivyofunguliwa

Mwaka 1901 daktari Mjerumani, Georg Kelling, alijaza hewa tumboni mwa mbwa aliye hai, akapenyeza bomba lenye lenzi na kutazama ndani. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm akaripoti kuwa amefanya hivyo kwa binadamu. Kwa miongo mingi iliyofuata, kazi kubwa ya njia hiyo ilikuwa kuchungulia.

Aliyeisogeza mbele kwenye tiba ni Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake mjini Kiel, aliyetoa kidole tumbo kupitia matundu madogo mwaka 1980. Wapasuaji wenzake Wajerumani walimbeza. Mwaka 1985 Erich Mühe wa Böblingen akatoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo, naye hakupokelewa vizuri. Philippe Mouret alipofanya hivyo mjini Lyon mwaka 1987, mambo yalishabadilika: kamera ndogo za video zilikuwa zimeanza kuonyesha tumbo kwenye skrini. Badala ya mpasuaji mmoja kubana jicho kwenye lenzi, timu nzima ikaona picha moja, na msaidizi akaweza kushika kamera huku mwenzake akifanya kazi kwa mikono miwili.

Utaratibu wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Mgonjwa hupewa nusu kaputi. Gesi ya kabonidioksaidi, iliyochaguliwa kwa kuwa haiwaki moto na huyeyuka haraka kwenye damu, hupulizwa tumboni hadi shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Ukuta wa tumbo ukishapanda, kamera huingizwa kitovuni, na vyombo virefu vyembamba hupita kwenye matundu mengine mawili au matatu. Misuli haipasuliwi kwa urefu, kwa hiyo maumivu hupungua na mgonjwa hutoka wodini mapema.

Faida kubwa zaidi, hasa kwetu, ni kidonda chenyewe. Utafiti wa GlobalSurg uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 12,539 waliopasuliwa tumbo katika nchi 66. Katika nchi zenye maendeleo ya juu, waliopata maambukizi ya kidonda walikuwa asilimia 9.4, katika nchi zenye maendeleo ya chini walikuwa asilimia 23.2, yaani karibu mtu mmoja kati ya wanne. Kwa anayeishi kwa jembe, kidonda kilichoota usaha kinaweza kumaanisha msimu uliopotea. Ndiyo sababu hoja kwamba matundu madogo ni anasa ya matajiri haina mashiko: anayenufaika zaidi na kidonda kidogo ni yule ambaye kidonda kikubwa kina hatari zaidi kwake.

Gharama ya kujifunza

Mbinu hii ina upande wake mchungu. Mwaka 1991 kundi la wapasuaji wa kusini mwa Marekani lilichapisha matokeo ya wagonjwa 1,518 waliotolewa kifuko cha nyongo. Miongoni mwa wagonjwa 13 wa mwanzo wa kila kundi la wapasuaji, asilimia 2.2 walijeruhiwa mfereji wa nyongo. Kwa waliofuata, kiwango kilishuka hadi asilimia 0.1. Vyombo vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni mazoea ya mikono na macho. Mwaka 1995 Steven Strasberg akaeleza kanuni inayofuatwa hadi leo: usikate kitu mpaka uone wazi mirija miwili tu ikiingia kwenye kifuko.

Roboti inatatua nini?

Vyombo virefu hupita kwenye tundu la ngozi, na tundu hilo ndilo egemeo lake. Ukipeleka mkono kulia, ncha iliyo ndani huenda kushoto. Tena chombo cha kawaida hakina kifundo kinachokunjika ndani ya tumbo, kwa hiyo kushona mahali pa kina huwa kazi ngumu. Roboti inajibu matatizo hayo. Mpasuaji huketi kwenye kiti chake, akatazama picha yenye kina, akasogeza vishikio. Kompyuta hunyoosha mwelekeo, huchuja mtetemo wa mkono, hupunguza ukubwa wa mwendo, na hukunja ncha ya chombo kama kifundo cha mkono. Roboti hizi hazijiamulii cha kufanya. Hufuata mkono wa mtu.

Madaktari wa Brussels walitoa kifuko cha nyongo kwa msaada wa roboti mwaka 1997, na mwaka 2000 mamlaka ya Marekani ikaidhinisha roboti ya da Vinci. Septemba 2001 Jacques Marescaux, akiwa New York, alimpasua mgonjwa aliyelazwa Strasbourg, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Juni 2025 Vipul Patel, akiwa Florida, alimtoa tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola.

Habari kama hizo huwafanya watu wadhani kwamba siku moja bingwa wa hospitali ya Muhimbili atampasua mgonjwa aliyeko Kilosa bila mtu yeyote kusafiri. Lakini Strasbourg na Luanda kulikuwa na timu kamili kando ya kitanda, tayari kuendelea na kazi mawasiliano yakikatika. Upasuaji wa mbali unahitaji mpasuaji wa karibu. Hospitali isiyo na timu ya kupasua haiwezi kuazima timu kwa waya.

Manufaa yenyewe pia yamepimwa. Jaribio la ROLARR, lililoongozwa na David Jayne wa Leeds na kuchapishwa mwaka 2017, liliwagawa kwa kura wagonjwa 471 wa saratani ya puru katika nchi 10. Waliolazimika kufunguliwa tumbo katikati ya upasuaji walikuwa asilimia 8.1 upande wa roboti na asilimia 12.2 upande wa vyombo vya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Upasuaji wa roboti uligharimu zaidi. Mashine hizi huuzwa kwa mamilioni ya dola, na vyombo vyake vina idadi maalumu ya matumizi kabla ya kutupwa.

Kikwazo kiko kwenye gesi

Jayne huyohuyo akageukia upande mwingine wa tatizo. Akishirikiana na Jesudian Gnanaraj, mpasuaji wa vijijini nchini India, kundi lake la Leeds lilijiuliza ni nini hasa kinachozuia matundu madogo yasifike hospitali ndogo. Kifundo cha chombo hakikuwa tatizo. Kizuizi kilikuwa gesi.

Gesi ikijaa, huisukuma diaframu juu na kuyabana mapafu, na kiasi fulani huingia kwenye damu. Kwa kawaida mgonjwa anahitaji nusu kaputi, bomba kooni, mashine ya kupumulia, kipimo cha kabonidioksaidi anayoitoa, na mtaalamu wa usingizi wa kuvisimamia vyote. Juu ya hayo kuna mitungi inayopaswa kujazwa na pampu inayopaswa kukarabatiwa. Kukikosekana kimoja tu, ratiba ya siku nzima inaahirishwa.

Jibu lao ni kifaa kiitwacho RAIS. Pete ya chuma huingizwa kupitia tundu la kitovuni, ikafungwa kwenye mkono wa chuma uliobanwa kwenye kitanda cha upasuaji, kisha ukuta wa tumbo huvutwa juu kama chandarua kinavyoning'inizwa darini. Hewa ya kawaida huingia yenyewe. Kwa kuwa hakuna shinikizo la kulinda, vyombo vya kawaida vya upasuaji vinaweza kupita kwenye tundu, na mgonjwa anaweza kupewa ganzi ya mgongoni huku akipumua mwenyewe. Ganzi hiyo ndiyo ambayo hospitali zetu za wilaya huitumia kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji.

Kifaa hiki kina mipaka. Kinainua katikati, kwa hiyo pembeni mwa tumbo panaonekana kwa shida kuliko kwa gesi, na kwa mgonjwa mnene kazi huwa ngumu zaidi. Tumbo lililojaa usaha, au utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo, mara nyingi bado utahitaji kufunguliwa. Ushahidi wa RAIS wenyewe unatoka zaidi India, na unahitaji kupimwa hapa kwetu kabla ya kuenezwa.

Nini kitangulie

Upasuaji wa matundu madogo si mgeni Tanzania; hospitali za Muhimbili, iliyoko Dar es Salaam, na KCMC zinaufanya. Tatizo ni kwamba kutoka Magomeni hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300. Reli ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 ikipitia Kilosa, imefupisha saa za safari, lakini kidole tumbo na mimba iliyotunga nje ya kizazi havisubiri ratiba ya treni.

Kwa maoni yangu, mpangilio uwe hivi. Kwanza ni mafunzo, kwa sababu takwimu za 1991 zinaonyesha anayelipa gharama ya mwanafunzi ni mgonjwa. Sanduku la mazoezi si ghali: mradi wa ALL-SAFE, uliobuniwa na madaktari wa Cameroon, Ethiopia na Michigan, hufundisha upasuaji wa mimba ya nje ya kizazi kwa vifaa vya bei nafuu. Kwa ngazi ya juu, kituo cha IRCAD, ambacho Marescaux alikianzisha Strasbourg, kilifungua tawi lake Kigali mwaka 2023. Pili ni kuinua tumbo bila gesi, kwa ganzi ya mgongoni, kuanzia na wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu. Tatu ni fundi wa vifaa tiba anayelipwa kukaa wilayani. Roboti ifuate baadaye, tena katika hospitali za taifa, kwa kazi za nyonga na mahali pa kina ambako kifundo chake kina faida.

Mpango wa kitaifa wa huduma za upasuaji, uzazi na dawa za usingizi wa 2018–2025 umefika ukomo wake wa miaka. Wanaoandaa mpango unaofuata waandike ndani yake jaribio la upasuaji wa tumbo bila gesi katika hospitali za wilaya, lenye bajeti, mafunzo na hesabu ya matokeo inayotangazwa wazi. Hospitali ya wilaya ya Kilosa inafaa kuwa miongoni mwa za mwanzo.