Kamati ya Gazi na Ufundi wa Kulea Mikoko

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Mbele yake kuna ghuba, na ghuba hiyo imezungukwa na mikoko. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wana bidhaa isiyopakiwa jahazini wala kupimwa kwa pishi. Bidhaa yenyewe ni hewa ya ukaa ambayo mikoko yao huivuta na kuihifadhi. Mradi wao unaitwa Mikoko Pamoja, na ulikuwa wa kwanza duniani ambapo wanajamii wenyewe walipata fedha kwa kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko. Mwaka 2017 ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mengi yameandikwa kuhusu hewa hiyo. Mimi nawasifu watu wa kamati: wenyeji waliochaguliwa na wenyeji wenzao, wasiogawana faida, ambao kwa zaidi ya miaka kumi wamefanya msitu uliosimama topeni ulete maji safi na vitabu vya shule bila kukatwa. Kazi yao ni ufundi. Ina hatua zake, ina vipimo vyake, na inafaa kutazamwa taratibu.

Hatua ya kwanza ni kuijua mali. Mgeni akiitazama mikoko huona ukuta mmoja wa kijani. Mwenyeji huona miti mbalimbali, kila mmoja na mahali pake. Mbele kabisa, mawimbi yanapopiga, husimama mlilana, ambao matawi yake yaliyopinda kimaumbile yamewapa mafundi wa pwani mataruma ya mashua. Nyuma yake kuna mkoko wenyewe, na mizizi yake iliyotanda juu ya tope. Halafu muia na mkandaa. Kwenye sehemu za juu, jua linapokausha maji na kuacha chumvi, hustahimili mchu.

Pwani yetu imejengwa kwa miti hii. Fito, pau, boriti na nguzo ni madaraja ya unene ambayo wauzaji wa miti wameyatumia kizazi baada ya kizazi. Vyumba vya nyumba za kale za mawe, kuanzia Lamu hadi Mombasa, ni vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kubeba dari pana kupita mita tatu hivi. Majahazi yalipakia miti hiyo hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, hadi Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982.

Gazi yenyewe iliumia. Katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za kuchomea chokaa na matofali, na baadhi ya sehemu za ufuo zikabaki tupu miaka mingi. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo mwanasayansi James Kairo, walianza kupanda upya wakishirikiana na wanakijiji. Kwa hiyo kabla ya fedha yoyote kuingia, tayari palikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya watu kuingia topeni pamoja, kushindwa pamoja na kujifunza pamoja. Kamati ilizaliwa juu ya msingi huo.

Kupanda mkoko kunahitaji jicho. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikarefuka na kuning'inia ikiwa kijiti cha kijani kilicho tayari kusimama. Mkusanyaji mzoefu haitikisi miti ovyo. Hutazama shingo ya kijiti, na akiona pete ya manjano hujua kimekomaa. Hukichomeka wima kwenye tope, si kwa kina sana wala juujuu, kisha huacha hatua moja na kuchomeka kingine. Aina nyingine, kama mchu, hulelewa kwanza kitaluni.

Hata hivyo mkono mwepesi hausaidii kitu kama mti umepandwa pasipo pake. Nchi nyingi zimemwaga fedha kupanda mikoko ambayo ilikufa yote kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu ilichomekwa mahali ambapo maji hayatoki, au mahali ambapo hayafiki kabisa. Mpandaji wa Gazi huuliza kwanza: bamvua hufika wapi? Wakati wa maji mafu panabaki pakavu siku ngapi? Mchanga unatulia au unahama? Wavuvi wana majibu ya maswali hayo tangu utotoni, na watafiti wana vipimo. Kamati nzuri ni ile inayowakalisha wote wawili upande mmoja wa meza.

Baada ya kupanda kuna kupima. Mradi unalinda hekta 117, nyingi zikiwa msitu wa asili na 10 hivi zikiwa mikoko iliyopandwa. Ndani yake kuna viwanja vidogo vilivyowekewa alama, ambavyo hurudiwa na kupimwa tena na tena. Mti wa kawaida hupimwa unene kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko hauruhusu hilo kwa sababu kimo hicho mara nyingi kimejaa mizizi, kwa hiyo mpimaji hupanda na kamba yake hadi juu ya mzizi wa mwisho. Huandika unene, huandika urefu, huhesabu miche iliyoota yenyewe. Kisha huhesabu visiki.

Hapo ndipo ninapoona heshima ya kazi hii. Visiki ni miti iliyoibwa, yaani ni ushahidi kwamba ulinzi haukutosha. Kamati inayohesabu visiki vyake yenyewe na kuviandika kwenye ripoti imeamua kwamba ukweli una thamani kuliko sifa. Na kwa kuwa imeamua hivyo, mnunuzi aliye mbali ana sababu ya kuiamini inaposema kwamba msitu huu unahifadhi takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka. Sehemu kubwa zaidi ya kaboni ya mikoko imelala chini, kwenye tope, ambako hakuna macho yanayoiona. Bidhaa isiyoonekana huuzwa kwa uaminifu tu.

Muundo wa mradi unalinda uaminifu huo. Jumuiya ya wenyeji, iliyochaguliwa vijijini, husimamia kazi na fedha. Kundi la wataalamu hutoa ushauri wa kisayansi. Shirika la hisani lililosajiliwa Scotland, linaloitwa ACES, hutafuta wanunuzi. Vyeti vya mauzo hutolewa chini ya kanuni za shirika la Plan Vivo, zinazotaka angalau asilimia 60 ya mapato iwafikie wanajamii, na ripoti ya mwaka ni lazima itangulie. Mikoko ya Kenya ni msitu wa umma, kwa hiyo kijiji kilihitaji pia ruhusa ya kisheria. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua njia kwa vyama vya jamii kusimamia misitu kwa makubaliano na serikali, na sheria ya 2016 ikaiendeleza. Bila karatasi hizo, nia njema ya Gazi ingebaki maneno ya barazani.

Fedha zinazopatikana ni maelfu ya dola kwa mwaka, wala si mamilioni, nazo huwalipa pia walinzi na gharama za upandaji. Zinazobaki hupelekwa barazani, na wanakijiji huzungumza wazitumieje. Mmoja anataka maji, mwingine anataka paa la shule. Mahitaji ni mengi kuliko fedha kila mwaka, bila kukosa. Fundi wa kamati hujulikana hapa: anamwacha kila mtu aseme hadi mwisho, anataja kiasi kilichopo bila kukizungusha, na anamwambia jirani yake kwamba ombi lake litasubiri, akijua kuwa Ijumaa watasimama safu moja msikitini. Kugawa kidogo mbele ya wengi, na wote wakaondoka wakiwa bado wanasalimiana, ni kipaji kinachonolewa kwa miaka.

Matokeo yake yanashikika. Mabomba ya maji yamefikishwa kwa wananchi. Shule za vijiji viwili zimepata vitabu na ukarabati, na wanafunzi huenda mikokoni kujifunza na kupanda. Mtoto wa Gazi anapofungua kitabu cha sayansi kilichonunuliwa kwa fedha za mkoko, somo la mimea haliko mbali naye. Liko nyuma ya nyumba yao, na amelishika kwa mikono.

Kuna elimu nyingine ambayo haitajwi sana. Kamati ni shule ya watu wazima. Katibu anayeandika kumbukumbu za mkutano, mweka hazina anayelinganisha risiti na daftari, mlinzi anayejaza fomu ya idadi ya miti, wote wanasoma na kuandika kwa jambo lenye uzito maishani mwao. Watu wengi walijifunza kusoma wakaacha kwa kukosa cha kusoma. Ripoti ya mradi wao wenyewe, yenye majina ya sehemu wanazozijua na fedha wanazozidai, ni kitabu ambacho mtu hakiweki chini.

Wala ulezi huu wa msitu haukuanza na hewa ya ukaa. Wengi wa wenyeji ni Wadigo, moja ya makabila ya Mijikenda, ambao wazee wao wamelinda misitu mitakatifu ya kaya kwa karne nyingi. Kaya Kinondo, iliyo upande huohuo wa Kwale, ni miongoni mwa misitu ya kaya iliyotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Wazee wa kaya walilinda kwa miiko: hapa haukatwi mti, hapa haingii mtu bila idhini. Kamati ya mikoko hulinda kwa daftari, kura na doria. Zana ni tofauti, lakini wazo ni lilelile: msitu ni wa watu wengi, wakiwemo wasiozaliwa bado, na lazima liwepo baraza la kusema kwa niaba yao. Akina mama wa Gazi nao wameongeza mkono wao. Wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, wanawatembeza wageni, wanawasimulia habari za miti na kuwapikia vyakula vya pwani, na mapato yake huingia katika kundi lao.

Hekima ya kamati naiona zaidi katika mvinje. Mtu anayejenga anahitaji nguzo, na marufuku haimpi nguzo. Kwa hiyo mradi ulipanda mvinje, mti unaokua haraka na kunyooka, ili pawepo miti ya kukata pasipo kugusa mikoko. Anayekataza bila kutoa badala huwaachia watu wizi. Gazi walilielewa hilo mapema.

Yapo magumu yaliyobaki. Wadudu wanaotoboa matawi wamekausha mililana mingi mbele ya ghuba. Eneo la mradi ni sehemu tu ya mikoko yote ya hapo. Bei ya tani moja huamuliwa na wanunuzi wa ng'ambo. Kamati haiwezi kuyatatua yote, lakini inaweza kuyaandika, kuyapima na kuyaleta barazani, na hilo ndilo lililowawezesha wengine kujifunza kwake. Mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vilianzisha mradi wa aina hiyo juu ya hekta 460 hivi.

Pwani hii ina kamati za maji, za shule, za misikiti na za wavuvi. Nyingi huanza kwa harambee kubwa na kuzimika pale daftari linapoingia kabatini mwa mtu mmoja. Kijiji kinachotaka kuiga Gazi kinaweza kupata miche popote. Kilicho kigumu kupata ni mazoea: kuitisha mkutano kwa wakati wake, kusoma hesabu kwa sauti, kuhesabu visiki, na kumfundisha kijana kazi ya ukatibu wakati mzee aliyeishika bado yupo wa kumsahihisha. Mazoea hayo hayagharimu fedha nyingi, na kijiji kinaweza kuyaanza katika mkutano wake ujao.