Ua Linalolelewa na Usiku

Huko Japani, majani ya miti yanapoanza kupukutika, bustani nyingi huwa zimeshafunga hesabu za mwaka. Ndipo kiku huchanua. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba, kwenye baraza na viwanja vidogo vya nyumba, vyungu hujaa maua meupe, ya manjano na ya zambarau, mengine yakifikia upana wa sentimita 20. Ni krisanthemu, ua lile ambalo nembo yake ya petali 16 imepigwa kwenye jalada la pasipoti ya Japani. Uzuri wake umeshasifiwa vya kutosha. Ninayetaka kumsifu ni mlezi wake, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake huifanya wakati ambapo hakuna hata ua moja la kutazama.

Mtindo unaopendwa sana majumbani ni wa mashina matatu katika chungu kimoja. Karibu na Mei mlezi hukata pingili changa, huichomeka mchangani na kuingoja itoe mizizi. Mche ukishashika na kuanza kurefuka, huukata ncha. Mgeni wa kazi hii huumia roho: mche ulikuwa unakwenda vizuri, umekosa nini? Lakini ncha ikiondoka, machipukizi hutoka kwapani mwa majani. Huchagua matatu yanayolingana nguvu na kuyaondoa mengine, kisha huyafunga yale matatu kwenye vijiti, akiyapinda kidogo kidogo. Kupinda hufanywa alasiri, jua likishalegeza shina. Asubuhi shina limejaa maji na huvunjika upesi. Shina la nyuma, ambalo ndilo refu kupita yote, huitwa mbingu. Mawili ya mbele ni ardhi na mtu.

Kisha joto likianza kupungua huja kazi inayonifanya nimheshimu mtu huyu kuliko nyingine zote. Kila shina hutoa matumba kadhaa, na linalotakiwa kubaki ni moja. La katikati hulindwa. Ya pembeni huchumwa kwa kucha, machache leo, machache kesho, mmea usije ukashtuka. Mkono ukiteleza ukavunja lile la katikati, mbingu haina ua, na chungu kizima kimepoteza maana yake kwa mwaka huo. Hakuna dawa wala gundi. Mtu hufanya kazi hii akijua hivyo, na bado huirudia kila mwaka.

Saa ya kuchanua, hata hivyo, haimo mikononi mwake. Mwaka 1920, Garner na Allard wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walionyesha kwamba urefu wa mchana na usiku ndio unaoiamuru mimea mingi lini ichanue. Baadaye ikajulikana kuwa kwa mimea ya aina ya kiku, kinachopimwa hasa ni giza. Usiku unaporefuka, mmea hutunga matumba. Taa ya barabarani inayoumulika usiku kucha yaweza kuuchelewesha, kwa hiyo mlezi makini hukisogeza chungu mahali penye giza la kweli.

Sisi wa karibu na Ikweta tunalijua jambo hili kwa upande wake wa pili. Usiku wetu wa takriban saa 12, mwaka mzima, huishawishi krisanthemu kuchanua wakati wowote. Ndiyo maana kwenye mashamba ya Uganda yanayozalisha pingili za ua hili za kupeleka Ulaya, taa huwashwa usiku ili miche isitunge matumba. Kule kinachouzwa ni pingili, na ua likitoka ni hasara.

Katika bustani ya Shinjuku Gyoen, Tokyo, maonyesho ya kiku hufanyika kila mwaka tarehe 1 hadi 15 Novemba, na humo shina moja huweza kubeba mamia ya maua yaliyopangwa safu kwa safu. Ni kazi kubwa mno, lakini inafanywa na kikosi cha mafundi. Moyo wangu uko kwa mtu mmoja mwenye birika na mkasi, yule anayepeleka chungu chake kwenye maonyesho ya mtaani au kwenye uwanja wa hekalu. Mtazamaji anayejua haangalii ua peke yake, bali huinama aone majani ya chini. Yakiwa mabichi mpaka ukingoni mwa chungu, basi hapana siku ya Agosti maji yalipokosekana. Ua zuri laweza kupatikana kwa bahati. Majani ya chini hayana bahati.

Maua yakichoka, mashina hukatwa karibu na udongo. Majani makavu ya miti hukusanywa na kuozeshwa yawe mboji ya vyungu vya baadaye. Wakati huo machipukizi mapya yanaanza kutokeza pembeni, na mlezi huchagua yale yaliyoibuka mbali na shina la zamani, maana ndiyo yenye nguvu, akayakinga na baridi hadi majira ya kukata pingili.