Kufufua Redio, au Kuivisha Sanda ya Hariri?

Mwenye kuhakiki sanaa aghalabu huiendea ile iliyokwisha kupewa jina na heshima: ushairi, uchongaji, muziki, tarizi. Ufufuaji wa redio kongwe haumo katika hesabu hiyo. Huitwa uraibu, kazi ya wastaafu wenye nafasi na karakana nyuma ya nyumba, na mara nyingi kweli ndivyo ulivyo. Lakini ndani ya uraibu huo limo suala ambalo kila mwenye kunakili utenzi wa kale, au kufasiri shairi la lugha ya kigeni, amepata kukesha nalo: kitu kilichochakaa kikirejeshwa, ni nini hasa kinachopaswa kurejea?

Redio zinazokusudiwa hapa ni zile za kabati, zilizosimama sakafuni kama samani. Zama zake ni miaka ya 1930, na kwao ni Marekani. Philco ya Philadelphia, Zenith ya Chicago na RCA zilishindana kutengeneza makabati ya futi tatu na zaidi, yaliyovikwa magamba membamba ya mbao za mjozi, yakapangwa hata mishipa ya mti ikatazamana kulia na kushoto kama mabawa ya kipepeo. Mbele yake familia zilikaa kumsikiliza Rais Roosevelt tangu mazungumzo yake ya kwanza ya redioni, tarehe 12 Machi 1933. Na mbele yake baadhi ya watu walitaharuki usiku wa 30 Oktoba 1938, Orson Welles alipoutangaza mchezo wa uvamizi kutoka sayari ya Mirihi kama kwamba ni habari. Mwezi wa Aprili 1942 viwanda viliamriwa kuacha redio za raia vikatumikia vita. Vita vilipokwisha, televisheni haikukawia kuitwaa pembe ile ya sebule, na kabati likapelekwa ghalani.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuzijua sana redio za kimo hicho. Zile za vali zilizoingia Unguja na Mombasa aghalabu zilikuwa za mezani, na Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951, redio moja iliweza kuwa na wasikilizaji wa baraza nzima. Hata hivyo, aliyewahi kuona redio ya vali ikiwashwa hahitaji kuelezwa kile kitambo cha kungoja: taa ya kioo cha namba huwaka kwanza, kimya kikapita, kisha mvumo mdogo, ndipo sauti ikaja polepole kana kwamba yatoka chumba cha pili. Kitambo hicho ndicho wafufuaji wengi wanachokitafuta, wakijua au wasijue.

Vali zenyewe hudumu kuliko inavyodhaniwa. Kinachoziua redio hizi ni kapasita, hasa zile za karatasi: vijibomba vya karatasi iliyozongwa pamoja na bati jembamba mfano wa lile la kufungia sigara, vikazibwa kwa nta. Miaka ikipita karatasi hunyonya unyevu, na kapasita iliyopaswa kuuzuia umeme huanza kuuvujisha. Ikivuja ile iliyo mlangoni mwa vali ya mwisho, vali hupata moto kupita kiasi, na huenda ikaondoka na transfoma. Ndiyo maana fundi mzoefu haichomeki moja kwa moja ukutani redio iliyolala miaka 70. Huunganisha kwanza balbu ya kawaida katika njia ya umeme. Balbu ikiwaka kwa ukali na kubaki hivyo, ajua kwamba ndani mna hitilafu, nayo balbu imeuzuia umeme ambao ungeiunguza transfoma. Asiyejua hayo na asiguse: ndani mna volti 300 na zaidi, na kapasita huuhifadhi umeme hata waya ukishachomolewa.

Hapa ndipo mjadala unapoanza. Philco ilizifunga kapasita zake nyingi katika visanduku vidogo vyeusi vya bakelaiti vilivyojazwa lami. Mfufuaji mwenye haraka hukata nyaya, akaning'iniza kapasita mpya za plastiki, njano na buluu, na redio ikaimba. Mwenye subira hukipasha moto kisanduku, akaiyeyusha lami, akatoa matumbo yaliyooza, akatia kapasita mpya, ambazo siku hizi ni ndogo kuliko zile za awali, kisha akaziba. Chasisi ikipinduliwa, jicho halioni tofauti yoyote na siku ilipotoka kiwandani.

Je, huo ni uaminifu au ni udanganyifu? Wako wanaoshikilia kwamba ni udanganyifu wa adabu. Na iwekwe mbele ya hoja yao mifano ya hati za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mhariri akikuta kipande chenye mizani saba pahala pa nane, kwa kuwa mchwa wamelila neno, akatia neno lake bila ya alama, basi atakayekuja baadaye atalihesabu neno hilo kuwa la mtunzi, na pengine atalijengea nadharia nzima. Hapo pana dhulma. Lakini kapasita si neno. Haikukusudiwa kutazamwa wala kusikilizwa. Kazi yake ni kupitisha hiki na kuzuia kile, na mpya yenye kipimo kilekile huifanya vivyo hivyo. Inafanana zaidi na uzi uliozishona kurasa kuliko wino uliozijaza. La kulaumiwa ni kukosekana kwa alama, na dawa yake ni nyepesi: karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati, yenye tarehe na orodha ya kila kilichobadilishwa. Kisanduku cha lami kilichorudishiwa umbo lake, pamoja na karatasi hiyo, ni kazi safi. Kisanduku bila ya karatasi ni nusu ya kazi, hata kikifungwa kwa ustadi gani.

Aliye mbali kabisa na uaminifu ni yule anayeing'oa chasisi nzima, akaitupa, akatia amplifaya ndogo na chombo cha kupokea muziki kutoka kwenye simu. Hujitetea kwamba kabati limeokoka. Lakini spika nyingi za zama zile hazikuwa na sumaku ya kudumu. Sumaku yake ilikuwa koili iliyolishwa kwa umeme wa redio yenyewe, na koili hiyohiyo ilisaidia kuusafisha umeme huo. Spika haiwezi kuishi bila ya chasisi, wala chasisi haitulii bila ya spika. Sauti ya kifuani, isiyo na ncha kali za juu, inayoitikiwa na mbao, hutokana na vyote kwa pamoja. Kutoa vya ndani na kubakisha mbao ni kuchukua jalada la diwani na kuchapa humo mashairi ya mtu mwingine.

Kuhusu vanishi, yatosha kusema kwamba viwanda vilinyunyiza rangi ya giza kwenye kingo na nguzo, mara nyingi ili kuficha mbao rahisi. Anayekwangua yote kwa hoja ya kuuonesha mti, huonesha mti ambao kiwanda hakikutaka uonekane. Kisha humwagia ng'aro juu yake, na kabati likafanana na jeneza jipya.

Linabaki swali gumu kuliko yote, la nini kitasikika. Sheria ya Marekani huruhusu bila leseni kirushio kidogo cha mawimbi ya kati, cha miliwati 100 na antena isiyozidi mita 3. Wafufuaji wengi hukitumia kuvirusha ndani ya nyumba zao vipindi vya miaka ya 1930, ili redio ipokee kilichofanana na umri wake. Ni mchezo mtamu, lakini redio iliyofufuliwa ili imsikilize mwenye nyumba tu imekuwa kioo. Afadhali usiku, ambapo mawimbi ya kati hurudishwa na anga ya juu na kusafiri mbali: sindano ikasogezwa polepole, stesheni ya jimbo jingine ikaja na kutoweka katikati ya mikwaruzo.

Na ziko redio ambazo hata hilo halizifai zote. Baadhi ya makabati ya kabla ya vita yalikuwa na FM ya megahezi 42 hadi 50. Mwaka 1945 FM ikaamriwa kuhamia juu, nayo ipo hadi leo kati ya 88 na 108. Makabati yale yakawa viziwi upande huo bila ya kuharibika. Wako mafundi wanaounda kibadilishi kinachozishusha stesheni za leo hadi masafa yale ya zamani, nayo ni tafsiri njema yenye kustahili sifa. Wengine huuzima tu mkanda huo, taa yake isiwake. Bora iwake, na mgeni akiuliza mbona hapa hapasemi kitu, aelezwe.