Watoto wa Elsa na Mbuzi wa Watu

Nilipowasimulia wafugaji wa Tarime habari za Elsa, simba jike aliyelelewa na watu, walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mzee mmoja akauliza, "Na huyo simba wenu alikuwa akila nini?" Swali hilo lilinirudisha kwenye vitabu vitatu vya Joy Adamson vilivyotoka 1960, 1961 na 1962. Je, shujaa huyu aliyependwa na dunia nzima aligeuka mhalifu huku mwandishi akifumba macho?

Angalia simulizi inavyoanza. Mwaka 1956, kaskazini mwa Kenya, simba amemuua mtu wa Waborana. George Adamson, mumewe Joy na askari wa wanyamapori, anatoka kumsaka. Anashambuliwa na simba jike aliyekuwa akilinda watoto wake, naye anampiga risasi. Elsa ni mmoja wa watoto hao. Basi hadithi nzima imeota juu ya kaburi la Mborana, lakini kitabu kinampita marehemu mbio mbio ili kifike kwenye chupa ya maziwa. Hapo ndipo ninapomlaumu mwandishi. Simba simlaumu.

Elsa mwenyewe namtetea. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa wa kupe, adui yule yule anayemmaliza ng'ombe wa Mkurya. Waliobaki ni watoto wake watatu: Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Hawa, walipokosa mama wa kuwafundisha kuwinda, walivamia mifugo ya wanavijiji. Mmoja akajibiwa kwa mshale. Ikabidi wakamatwe, wapakiwe garini na kuletwa Serengeti mwaka huo huo.

Naam, wahamishwa wa kesi ya mbuzi waliletwa kwetu! Sisemi walitudhuru, la. Ila kitabu cha tatu, ambacho wengi hukiona dhaifu, mimi nakiona bora kuliko cha kwanza, kwa sababu humo mapenzi ya mwandishi yanagongana na hasara ya watu wengine na hawezi kuificha. Anaeleza uvamizi. Anakiri hatari. Hata hivyo, mwenye mbuzi hapewi nafasi ya kusema alikuwa na mbuzi wangapi, wala aliyelala njaa ni nani. Kidonda cha Jespah kinapewa kurasa nyingi. Zizi linapewa mistari. Kiswahili cha serikali yetu kina maneno "kifuta jasho" na "kifuta machozi" kwa watu waliodhuriwa na wanyama wakali, na kanuni zake zilitungwa 2011. Katika vitabu vile jasho ni la wasimulizi tu.

Wala tusikimbilie upande wa pili, wa kumwona kila simba muuaji aliyejificha. Joy Adamson alipokutwa amekufa huko Shaba, Kenya, Januari 1980, habari za mwanzo zilisema ameuawa na simba. Watu waliamini upesi, kana kwamba walikuwa wakiingojea habari hiyo tangu kitabu cha kwanza. Uchunguzi ukaonyesha ameuawa kwa silaha, na aliyetiwa hatiani alikuwa mtu aliyewahi kumfanyia kazi.

Jespah, kwa upande wake, aliingia Serengeti na chuma cha ule mshale kikiwa bado mwilini. Joy aliomba ruhusa ya kumtibu, akanyimwa. Miezi mingi walimtafuta porini.