Karanga Inayotoa Mkonga: Nimemwona, Jamani!

Jamani, nimemwona! Mimi mtoto wa Kibwezi, niliyezoea kumtambua ndovu wa Tsavo kwa kinyesi chake na mchwa kwa kichuguu chake, jana asubuhi nilipiga magoti kwenye mwamba wa Tiwi, maji yamekupwa mbali, na kiganjani mwangu kulikuwa na mnyoo karanga! Vumbi la Makueni lilikuwa bado viatuni. Safari ya treni ya SGR tu, na miaka yote hii sikuja?

Ukimgusa anajikunja na kuwa kibonge kigumu cha kahawia. Mchanganye na karanga za soko la Wote, nawe utasita kidogo kabla ya kumtoa. Basi mtie katika kikombe cha maji ya bahari, usubiri. Upande mmoja unaanza kupinduka kama soksi inayogeuzwa, na mkonga unatoka, mwembamba, unapapasa huku na huku! Aina niliyemshika ana minyiri midogo kwenye ncha, penye mdomo. Mara fyuu, wote umerudi ndani, umevutwa na misuli iliyoshikizwa kwenye ukuta wa kiwiliwili. Nilitazama mara tisa. Ya tisa ilinishangaza kama ya kwanza.

Umeona mkonga? Sasa tafuta pingili. Nyungunyungu wa shamba la ndengu kule Kitui ana pingili mwili mzima. Huyu hana hata moja, wala hana vile vinywele vigumu vya ubavuni walivyo navyo minyoo wengi wa pwani. Na bado uchunguzi wa vinasaba umemweka katika ukoo uleule wa nyungunyungu! Halafu tundu la haja: usilitafute mkiani. Utumbo unashuka, unageuka, unapanda ukijisokota kama kamba, na kutokea mgongoni karibu na shina la mkonga. Kwa anayeishi katika shimo lenye mlango mmoja, huo ni mpango mzuri ajabu.

Wako aina 150 hivi duniani, wote wa baharini. Mto Athi usijisumbue kumtafuta. Makazi yake nayo yanakudokezea ni jenasi ipi. Sipunculus huchimba mchanga. Phascolosoma hujibana katika nyufa za miamba, na wengine wao hukaa katika matope ya mikoko. Aspidosiphon ana ngao ngumu shingoni, akishaingia anaifanya mlango.

Na huyu Aspidosiphon ndiye aliyeninyima usingizi! Katika Bahari ya Hindi wapo wanaohamia ganda tupu la konokono. Tumbawe changa linatua juu ya ganda, linakua, linalimeza lote, lakini linamwachia mnyoo kitundu. Mnyoo naye analikokota tumbawe mchangani ili lisifukiwe. Tumbawe linalotembea, ndugu zangu!

Watu wa Kitui na Makueni, shukeni mkaone. Chagueni siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, mfike mwambani kabla ya saa nne asubuhi, na mbebe kioo cha kukuzia. Katika hifadhi za bahari msichukue kitu. Na kila jiwe mnalogeuza, lirudisheni lilivyokuwa, maana jua linaweza kuwaua walio chini yake.